Vidole Visivyofika Breki: Kisa cha Baiskeli Moja ya Malindi

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Umeanguka?"

"Sikuanguka. Nilijitupa."

Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda changu asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa Januari, goti la kulia limechubuka na mchanga ungali umeganda kwenye nati za gurudumu la mbele. Nilimpa kiti na maji kwanza, kisha nikamwomba anisimulie polepole. Katika kazi hii, maneno ya mwenye baiskeli hunifaa kuliko spana zangu zote.

Alikuwa akielekea Mambrui. Kaskazi ilikuwa imekolea, na ukitoka Malindi kwenda kaskazini miezi hiyo upepo unakupiga kifuani, hivyo alikuwa ameinama, ameshika pembe za chini za usukani. Kwenye mteremko wa kuelekea daraja la Sabaki, punda mwenye mkokoteni wa maji akakata barabara. Mwalimu akafinya breki. "Vidole vilifika, fundi, lakini kwa ncha tu. Kama mtu anayepapasa swichi gizani." Gurudumu la nyuma likakwama likaburuzika, mwendo haukupungua vya kutosha, naye akaona heri mchanga wa kando kuliko tairi la mkokoteni. Akajitupa.

Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu baiskeli hiyo niliishughulikia mimi mwenyewe miezi miwili kabla, na kazi niliyoifanya haikuwa kazi iliyotakiwa.

Ni baiskeli ya mbio, fremu ya alumini, usukani wa pembe zilizopinda kama za kondoo. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mzee wa Kiitaliano aliyeishi upande wa Casuarina. Alipoamua kurudi kwao aliiuza, na mwalimu akaipata kwa bei nzuri. Malindi tuna baiskeli nyingi za namna hii, zimefuata watu kutoka Ulaya na zimebaki wenyewe walipoondoka. Chuma kizuri, kilichopimwa kwa mwili wa mtu mwingine. Mwalimu ni mwanamke mwembamba, kimo cha wastani, viganja vidogo. Mzee yule, kwa jinsi alivyoiacha baiskeli, alikuwa mtu wa mabega mapana na mikono mirefu.

Mwezi wa Novemba alinijia akilalamika mabega na shingo vinamuuma, na kwamba breki "ziko mbali". Nilimtazama akiendesha hapo barabarani, nikaona amejinyoosha kama mtu anayefukuza kitu mbele yake. Nikafikiri nimeelewa. Nikatoa shingo ya usukani, kile kipande kinachounganisha usukani na uma wa mbele, iliyokuwa na urefu wa milimita 110, nikaweka ya 80. Mabega yakapona. Kuhusu breki aliniambia bado, nami nikamjibu neno ambalo mafundi tunalitumia ovyo: "Utazoea." Wenzake wa kuendesha nao walimwambia afinye mpira kila jioni apate nguvu ya vidole. Mwingine akamshauri ang'oe usukani ule aweke wa kunyooka, maana "pembe si za wanawake". Mwanamke huyu anatoka Malindi hadi Watamu na kurudi kabla jua halijawa kali. Nguvu anazo. Kilichomkosesha breki ni milimita.

Kosa langu la Novemba lilitokana na kuchanganya umbali wa aina mbili. Umbali wa kwanza ni wa kutoka kwenye kiti hadi viganja vinapokaa. Huu huamuliwa na fremu, urefu wa shingo, na jinsi usukani wenyewe unavyochomoza mbele kabla ya kupinda. Umbali wa pili ni wa kutoka kwenye usukani hadi kwenye mkono wa breki, yaani nafasi ambayo vidole vinapaswa kuivuka kiganja kikiwa kimeshashika. Shingo fupi inapunguza ule wa kwanza tu. Ukirudisha usukani nyuma kwa sentimita tatu, mikono ya breki inarudi nayo sentimita tatu, na nafasi kati yao inabaki vile vile. Nilimsogezea mwalimu mlango bila kumfupishia komeo.

Safari hii sikugusa spana kabla ya kupima. Ninacho kipande cha usukani wa zamani nilichokikata kwa kazi hiyo; pale mikono ya breki inapofungwa usukani wa pembe huwa na kipenyo cha milimita 23.8, kwa hiyo kukishika ni sawa na kushika usukani wenyewe. Nilimwambia akishike kwa kiganja kizima, kisha anyooshe kidole cha shahada na cha kati bila kulegeza vingine. Kutoka ukingo wa mbele wa kipande hadi kiungo cha kwanza cha kidole, nikipimia kutoka nchani, nilipata milimita 68. Hapo ndipo panapopaswa kukaa mkono wa breki ili kidole kiukunjie na kuuvuta. Kisha nikapima baiskeli. Akiwa ameshika pembe za chini, mkono wa breki ulikuwa umbali wa milimita 88. Pengo la sentimita mbili, na kwenye kidole sentimita mbili ndizo zinazotofautisha kuvuta na kugusa.

Kwa nini basi asishike breki kutoka juu, kwenye nundu zile zilizovikwa raba? Alikuwa akifanya hivyo siku za kawaida, na ndiyo sababu viganja vilimuuma. Mkono wa breki ni wenzo, na egemeo lake liko juu, ndani ya nundu. Ukiwa juu, vidole vyako viko karibu na egemeo, kwa hiyo lazima ufinye kwa nguvu nyingi upate breki kidogo. Ukiwa kwenye pembe za chini, vidole viko karibu na mwisho wa wenzo, na kidole kimoja au viwili vinatosha kusimamisha baiskeli. Mwalimu alikuwa amefungiwa pande zote mbili: juu anafika lakini hana nguvu ya wenzo, chini nguvu ipo lakini hafiki. Mteremkoni, upepo ukimlazimisha kuinama, alikuwa kwenye hali mbaya zaidi kati ya hizo mbili.

Nikaanza kufungua utepe wa usukani. Ulikuwa wa kizibo, mweusi, umekauka kama ganda la mkunazi. Nilipofika chini ya mkono wa breki wa kushoto, ukaanza kudondoka unga mweupe. Nikaupangusa kwa kidole. Chini yake alumini ilikuwa na vishimo vidogo vidogo, vimepangana kuzunguka ukingo wa mkanda wa chuma unaoshika breki, kama mbao iliyoliwa na mchwa. Hii ni kazi ya jasho na chumvi ya bahari. Utepe hunyonya jasho, upepo wa pwani huleta chumvi, chuma na alumini vinagusana penye unyevu, na alumini ndiyo inayoliwa. Nje huoni kitu. Usukani wa namna hiyo hauna desturi ya kukuonya. Hukatika siku unapoulalia kwa nguvu zote, na siku hiyo ni ile ile unayofunga breki ya ghafla. Nilimwita mwalimu aje aone kwa macho yake. Akapitisha ukucha juu ya vile vishimo, asiseme neno. Niliukata usukani ule kwa msumeno vipande viwili hapo hapo, asije mtu akauokota na kuufunga kwenye baiskeli ya mtoto.

Kila anayeendesha baiskeli huku pwani na afungue utepe wake angalau mara moja kwa mwaka. Nimeona vishimo kama hivyo mara nyingi mno.

Utepe ulifichua na jambo la pili. Kwenye usukani kulikuwa na mstari wa kutu iliyofifia, karibu sentimita mbili chini ya pale breki zilipokuwa zimefungwa. Maana yake mzee yule aliwahi kuzipandisha. Namwelewa: umri ukisogea mtu hutaka kukaa wima, na nundu zikiwa juu zaidi mgongo hupumzika. Lakini kwenye usukani wa pembe, kadiri unavyoupandisha mkono wa breki kwenye mpindo ndivyo ncha yake inavyozidi kukikimbia kidole kinachotoka chini. Alijitengenezea raha ya juu, akauza shida ya chini. Mwalimu alirithi vyote viwili.

La tatu nililiona kwenye tairi la nyuma: doa bapa, raba imelika mahali pamoja, alama ya kuburuzwa gurudumu likiwa limekwama. Nikafuata waya. Mkono wa kulia ulikuwa unavuta breki ya nyuma, wa kushoto ya mbele. Baiskeli nyingi za Bara la Ulaya hufungwa hivyo. Hizi zetu tulizokulia, zile nyeusi nzito zenye breki za fimbo, zinafuata desturi ya Kiingereza: breki ya mbele iko kulia. Mwalimu alijifunza kwa baiskeli ya marehemu babake ya aina hiyo. Punda alipotokea, kiganja chake cha kulia, chenye nguvu na chenye vidole vilivyofika walau kidogo, kilivuta kwa mazoea ya utotoni kikitarajia gurudumu la mbele. Kikapata la nyuma. Gurudumu la nyuma hupungukiwa uzito unapofunga breki, maana mwili unasukumwa mbele, hivyo hukwama upesi na kuteleza. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli kweli kweli, na siku ile ilikuwa mkononi asikoitafuta, tena mbali na vidole.

Sasa, dawa. Njia rahisi ingekuwa kuziteremsha breki zirudi kwenye mstari wa kutu. Kwa usukani mzima ningeijaribu kwanza, kwa kuwa haigharimu kitu. Lakini usukani ulikuwa umeshakufa, na hata hivyo umbo lake lenyewe halikumfaa. Ulikuwa wa aina iliyopendwa sana miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, wenye kipande kilichonyooka katikati ya mpindo, eti kiganja kipate pa kulala. Kiganja kikubwa hulala hapo vizuri. Kiganja kidogo hukwama hapo, kikawa hakiwezi kupanda kwenye mpindo kuikaribia breki. Zile za kizamani zenye duara kubwa nazo humweka mtu mbali, kwa kina chake, yaani umbali wa kushuka kutoka juu ya usukani hadi pembe za chini. Aina inayowafaa wenye vidole vifupi ni pembe fupi za siku hizi: uchomozo wa mbele wa milimita 70 hadi 80, kina cha 120 hadi 130, na mpindo uliobana unaokirudisha kiganja karibu na mkono wa breki. Usukani wake wa zamani nilikuwa nimeupima kabla ya kuukata: uchomozo 95, kina 145.

Kuhusu usukani wa kunyooka, ule alioshauriwa, nilimweleza bila kuudharau. Ni mzuri kwa safari za mjini. Lakini si kung'oa na kupachika. Sehemu ya kushikia ya usukani wa kunyooka ina kipenyo cha milimita 22.2, kwa hiyo breki na gia za pembe hazikai vizuri hapo; ingebidi anunue vyote upya. Na hapo kuna mtego mwingine: mikono ya breki inayopatikana kwa wingi madukani ni ya zile breki ndefu za baiskeli za milimani, ambayo huvuta waya mrefu karibu mara mbili. Ukiifunga kwenye breki ndogo za baiskeli ya mbio, unahisi imekuwa ngumu kama jiwe huku gurudumu halishikiki. Nimewahi kuwarekebishia watu kazi hiyo, na si mzaha. Zaidi ya yote, mwalimu alizitaka pembe. Upepo wa kaskazi na wa kusi ni sehemu ya maisha yake barabarani, na anayepigana na upepo anahitaji mahali pa kuinamia.

Upana sikuukisia. Nilipima mfupa wa bega hadi mfupa wa bega, nikapata sentimita 38. Ule wa zamani ulikuwa na 44. Nilitaka 38, Mombasa nikapata 40, nikauchukua.

Kipimo kilichotaka kunipotezea wiki nzima ni kile cha katikati, pale shingo inapoubana usukani. Shingo za baiskeli ile, ya zamani na ile niliyoweka mimi, zilikuwa za milimita 26.0. Usukani mpya, kama karibu wote wa siku hizi, ni wa 31.8. Kuna na wa 25.4, ambao kwa macho huwezi kuutofautisha na wa 26.0, na wapo wanaouvika bati la kopo la soda ili ushike. Usifanye hivyo. Usukani ulioshikwa na bati huzunguka siku unapoulalia, na unapozunguka unakwenda nao kifudifudi. Nikatafuta shingo ya 31.8, na hapa ndipo nilipofurahi, kwa sababu hesabu ilinionyesha wazi nilichokosea Novemba. Shingo yangu fupi ya 80 pamoja na uchomozo wa 95 zilifanya 175. Shingo mpya ya 100 pamoja na uchomozo wa 75 zinafanya 175 pia. Akishika nundu, mabega yake hayajui tofauti yoyote. Lakini shingo ya 100 iliondoa ile hali ya usukani kuchezacheza aliyokuwa akiilalamikia tangu niweke ile fupi, na pembe mpya zikaleta vidole karibu. Umbali ule ule wa mabega, baiskeli mbili tofauti kwa vidole.

Nilifunga breki kwanza bila utepe, mwalimu amekaa kitini, mimi nimeshika gurudumu la nyuma katikati ya mapaja. Tukazisogeza kidogo kidogo hadi mgongo wa usukani na nundu vikawa njia moja tambarare, kifundo cha mkono kisipinde juu wala chini. Nikapima kutoka pembe za chini: 75. Kutoka 88 ni hatua kubwa, lakini kidole chake kinataka 68.

Breki za kizazi cha karibuni zina skrubu ndogo ya kuuvuta mkono wa breki ndani. Hizi hazina. Dawa yake ni kabari: kipande cha raba ngumu kinachokaa juu, pale mkono wa breki unapopumzikia, ili usirudi hadi mwisho. Nilichonga mbili, unene wa milimita chache, nikajaribu gia zote nihakikishe kabari haizuii mkono kusukumwa kando, maana ndio huo huo unaobadilisha gia. Kisha nikazibandika kwa gundi, na nikazipa usiku mzima zikauke. Kipimo kikashuka hadi 67.

Hapa wengi huishia, na ni hatari kuishia hapa. Ukiusogeza mkono wa breki karibu na usukani, umeupunguzia safari. Waya ukibaki na ulegevu wa zamani, mkono utagonga usukani kabla raba za breki hazijaubana mdomo wa gurudumu. Mwalimu angefika breki kwa raha na asipate breki. Kwa hiyo nyaya zote zilitoka, na vizuri zilitoka, kwa kuwa ganda la waya wa mbele lilikuwa na kutu ndani na waya ulipita ukisaga. Nikaweka nyaya mpya na maganda mapya, raba za breki nikazisogeza karibu na gurudumu, nikafinya kwa nguvu zangu zote mara ishirini ili waya ujinyooshe, nikakaza tena. Nilipomaliza, breki ikiwa imefinywa hadi mwisho, kidole changu kizima kilipita kati yake na usukani.

Na kwa kuwa nyaya zilikuwa nje, nikamuuliza: "Breki ya mbele uitaka mkono upi, mwalimu?" Sikutaka kumwamulia. Aliyezoea upande mmoja ukambadilishia bila kumwambia, umemtegea mtego. Alifikiri kidogo, akasema, "Kama ya baba." Nikaihamishia kulia, na kwa wiki ya kwanza nikamfungia uzi mwekundu kwenye mkono wa breki ya mbele.

Boliti za shingo nilizikaza kwa mzunguko wa msalaba, kidogo kidogo, hadi pengo la juu na la chini likalingana, kwa nguvu ya nyutoni mita 5 iliyoandikwa kwenye shingo yenyewe. Kila boliti ilipakwa grisi kwanza, kwa ajili ya chumvi.

Jaribio tulilifanya kwenye njia tupu ya mchanga mgumu, si barabarani. Nilimwambia aje kwangu kwa mwendo, ameshika chini, na afunge breki akifika kwenye kandambili niliyoiweka. Mara ya kwanza alifunga kwa woga, akasimama hatua nne mbele yake. Mara ya tatu alisimama kabla hajaifikia, kwa vidole viwili, vitatu vingine bado vimeukumbatia usukani. Akaangalia viganja vyake kana kwamba ndiyo kwanza anavipata. "Kumbe viko sawa," akasema.

Nilimwomba msamaha kwa lile "utazoea". Alisema yamepita. Kwangu hayajapita bado. Kipande cha usukani wake nilichokikata nimekitundika ukutani juu ya meza, vishimo vikitazama nje, na kila anayeniambia breki ziko mbali namshikisha kile kingine cha kupimia kwanza, nikitoa rula.

Amekwenda Mambrui mara nyingi tangu hapo. Kimebaki kidole cha mwisho cha kushoto, ambacho bado hufa ganzi akipita saa moja na nusu njiani. Neva inayopita chini ya kiganja upande huo hubanwa mtu anapoulalia usukani muda mrefu, na nashuku kiti chake kimeinama mbele, kinamsukumia uzito mikononi. Wiki ijayo anakuja nacho tukipime kwa pima maji.